Mkato wa Kwanza ni wa Fundi

Nikumbukapo ujana wangu, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi hutangulia mbele ya nyingine zote. Ilikuwa Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Vita vilikuwa huko kaskazini mpakani, lakini mjini watu walikuwa bado wanaoa, wanajenga na kukata miti. Nitakusimulia asubuhi hiyo kadiri ninavyoweza. Shule niliiacha darasa la tano kule Buyenzi, Bujumbura, nilikozaliwa, na nimezoea tu kuandika kidogo kidogo jioni. Mara nyingi nikiyasoma niliyoandika naona kuna mtu nimempunja. Kwa hiyo hapa nitajitahidi kila mtu apate haki yake, hata yule aliyetuudhi.

Nilikuwa nimekuja Kigali kukaa na shangazi yangu, aliyekuwa na kiduka cha sabuni na chumvi Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Nyuma ya kiduka kulikuwa na karakana ya Mzee Gaspari. Alitengeneza misumeno ya mnyororo, ile ya injini inayoangusha mti mzima kwa muda mfupi, na mashine za kukatia nyasi zilizotoka kwenye bustani za wakubwa. Ukiingia mle ndani, harufu ya petroli na oili ilikukaba koo, na vumbi la mbao lilikuwa limetanda juu ya kila kitu kama unga wa muhogo. Misumeno ilining'inia ukutani, kila mmoja na ugonjwa wake. Mzee Gaspari aliwajua wagonjwa wake. Alikuwa akiupapasa msumeno mzima kabla ya kushika bisibisi, halafu anasema, "Huyu amekunywa petroli isiyo na oili," au, "Huyu kanolewa na mtu mwenye hasira." Ukifungua, unakuta ni kweli.

Mimi niliingia mle kwa njia ya ajabu kidogo. Siku moja alikuja dukani na plagi ya injini mkononi, akaniambia, "Mukobwa wanjye, binti yangu, nisomee hii namba." Nikamsomea. Kesho yake akaja na nyingine. Siku ya tatu hakuja, aliniita. Nikakaa benchi, nikasoma namba, kisha nikaokota skrubu iliyoanguka, kisha nikashika tupa na kuanza kunoa meno ya mnyororo. Hivyo ndivyo nilivyogundua ambacho hakuna mteja aliyekijua: macho ya Mzee yalikuwa yanazimika. Watu na miti aliviona. Vitu vidogo, vya kiasi cha punje ya mtama, havikuonekana tena. Hakuniambia, nami sikumwuliza. Palikuwa na mafundi wengine mjini, na fundi asiyeona ni nani atampelekea msumeno? Ile karakana ndiyo iliyokuwa maisha yake. Mkewe alikuwa ameshafariki, na watoto wake walikuwa mbali.

Sasa sikiliza desturi yake, maana kila kitu kinasimama juu yake. Nje ya mlango palikuwa na gogo la mkaratusi. Msumeno ukishapona, Mzee Gaspari hakumkabidhi mwenye mali papo hapo. Aliuwasha, akajaribu breki huku mnyororo unazunguka, kisha akakata gogo lile kwa mikono yake, mwenye mali akitazama. "Mkato wa kwanza ni wa fundi," alisema. "Kama kuna mguu wa kukatika, ukatike wangu." Wateja walikuwa wakicheka. Mimi pia nilidhani ni maringo ya wazee. Ajizi nyumba ya njaa, na nilijisemea moyoni kuwa mzee huyu anapoteza muda.

Basi asubuhi hiyo tulikuwa na msumeno wa mkandarasi mmoja, mtu wa miti, ambaye wafanyakazi wake walimwita patron, yaani bosi. Alikuwa na misumeno kadhaa na mashine za nyasi, na alikuwa ameahidi kwamba huu mmoja ukirudi vizuri, zote zitakuja kwetu. Mzee alikuwa amebadilisha springi ya breki. Nikueleze breki, maana si kila mtu ameshika msumeno. Mbele ya mshikio pana ngao ndogo. Ncha ya msumeno ikigonga mahali pabaya, msumeno huruka juu kuelekea usoni mwako. Hapo mkono wako unaisukuma ngao, ngao inaiachia springi, springi inakaza ukanda wa chuma ndani ya kifuniko, na mnyororo unasimama kabla hujasema "Yesu". Springi ikiwa haikushika, ngao itasogea na kulia "tak" kama kawaida, lakini mnyororo utaendelea. Na shingo ya mtu ni laini kuliko mkaratusi.

Mzee alikuwa anafunga kifuniko wakati dereva wa patron aliposimamisha gari mlangoni, injini ikinguruma.

"Muzehe, wananingoja Kibagabaga! Viyane, mkataji wetu, yuko chini ya mti na kamba mkononi!"

"Ngoja niukate kwanza," alisema Mzee, akanyoosha mkono kutafuta kamba ya kuwashia. Hakuipata mara moja. Vidole vikatembea juu ya kifuniko, vikarudi.

Dereva akacheka. "Yewe! Unapapasa nini kama mtu anatafuta chawa? Muzehe, macho iko?"

Mwanangu, niliuona uso wa Mzee. Sijawahi kuona mtu anavuliwa nguo mbele za watu, lakini nadhani huwa hivyo. Akausukuma msumeno juu ya meza. "Chukua," alisema. "Uko sawa." Dereva akauchukua na kuondoka. Sitaki kumlaumu sana yule kijana. Alikuwa ametumwa, na utani wake ulikuwa utani tu. Hakujua mshale umeingia wapi.

Mzee akakaa kwenye kigoda. Nikampa mnyororo mwingine aupapase, akaushika bila kuupapasa. Muda ukapita. Kisha akasema, kama anayezungumza na mikono yake, "Kile kifuniko kilifungika kwa urahisi."

"Si ndiyo vizuri, Mzee?"

"Springi ikikaa mahali pake, kifuniko hukataa. Unakisukuma, kinakusukuma. Kile kiliingia kama mlango wa kanisa." Akasimama. "Beba bisibisi na ufunguo. Tunakwenda."

Hatukuwa na gari wala nauli ya kuchezea, tukaenda kwa miguu. Tulipita Remera, tukasimamishwa kwenye kizuizi, maana siku hizo barabara zilikuwa na vizuizi, askari akaufungua mfuko wetu, akaona bisibisi na ufunguo, akatuachia. Kibagabaga haikuwa hii unayoijua, yenye hospitali na nyumba za ghorofa. Ilikuwa mashamba, migomba na mikaratusi mirefu, na nyumba moja moja za watu walioanza kujenga.

Njiani nikajiona mwenye akili. Nikamwambia, "Mzee, tukifika tuseme dereva alituharakisha. Ni kweli, na hakuna atakayekulaumu. Ya macho hawana haja ya kuyajua."

Akasimama katikati ya njia, vumbi likitupita. Hakupandisha sauti, Mzee Gaspari hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Mti ukimwangukia mtu, utauuliza nani alikuwa na haraka?"

Nikatazama kandambili zangu.

"Dereva alinicheka, ni kweli. Lakini nani alisema 'uko sawa'? Mdomo huo ni wa dereva? Binti, ukitengeneza kitu ambacho mwenzako ataweka karibu na shingo yake, kwanza yeye ajue mikono inayomtengenezea ikoje. Nimemficha. Nimemficha Viyane ili mimi nionekane mzima." Kisha akasema methali ya kwao, *ukuri guca mu ziko ntigushye*, kwamba ukweli hupita motoni usiungue. Mimi nikakumbuka ya kwetu Waswahili, mficha uchi hazai. Lakini sikuisema. Mtu akikukemea kwa haki, usimjibu hata kwa methali.

Hatukuwa tumefika tuliposikia msumeno unawaka ng'ambo ya migomba.

"Kimbia," aliniambia. "Mimi nitakuja."

Nilikimbia, mwanangu. Kandambili moja ilibaki kwenye mtaro, sikuirudia. Nilipotokea upande wa pili nikamwona Viyane, yule mkata miti wa patron, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa anasafisha matawi ya chini ya mkaratusi uliokaribia paa la nyumba, kabla ya kuukata wenyewe. Aliuinua ule msumeno hadi usawa wa kifua, tena na tena. Nilijua jambo moja ambalo Mzee alinifundisha: mtu mwenye msumeno haguswi bega, akishtuka anaweza kukukata au kujikata. Nikazunguka mbali, nikasimama mbele yake, nikavua kitenge changu cha begani na kukipunga hewani kama kichaa.

Akazima. "Wewe nani? Unataka mti ukuoe?"

Watu waliokuwa wanashika kamba wakacheka. Patron mwenyewe, mtu mnene mwenye shati safi, akauliza kwa Kifaransa kulikoni. Nikasema kwamba fundi anakuja na anaomba msumeno usiwashwe. Vicheko vikaongezeka. "Fundi anakuja kudai kuni!" mmoja alisema. "Amesahau mkato wake wa kwanza!" Desturi yake walikuwa wanaijua wote.

Mzee akatokea kwenye migomba, mkono kifuani, pumzi ikimsumbua. Akawasalimia wote, akamwamkia patron kwa heshima, kisha akamgeukia Viyane. "Nipe, mwanangu."

Viyane akasita, akampa. Mzee akauweka chini, akakanyaga mshikio wa nyuma, akauwasha. Safari hii mkono uliipata kamba. Akaupa moto hadi mnyororo ukawa mstari mmoja unaong'aa, kisha akaisukuma ngao mbele. Tak. Mnyororo ukaendelea kuzunguka. Akairudisha, akaisukuma tena. Tak. Ukaendelea.

Akauzima. Viyane akavua ile kofia, akajipangusa shingo nayo, taratibu.

Hapa ndipo ninapomheshimu Mzee Gaspari hadi leo, nami nimeona watu wengi wakubwa tangu siku ile. Angeweza kusema springi ni mbovu, na nani angebisha? Angeweza kumtaja dereva, aliyekuwa amesimama palepale ameinamisha kichwa. Angeweza hata kunitaja mimi. Badala yake alisimama wima mbele ya wale wanaume wote.

"Springi haikushika," alisema. "Nilitakiwa kuiona, sikuiona. Macho yangu hayaoni tena vitu vidogo, si tangu leo. Nimewaficha. Na leo nilichekwa nikaona haya, nikautoa msumeno kabla ya kuukata. Viyane, nisamehe."

Patron akamkazia macho. "Bon. Kumbe tulikuwa tunampa kipofu misumeno."

"Ndiyo, patron."

"Nina watu hapa, muzehe. Wana watoto."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu."

Nitakuwa mwongo nikisema patron alikuwa mtu mbaya. Maneno yake yaliuma, lakini aliyekuwa anayajibia maisha ya wale watu ni yeye. Ningekuwa yeye, sijui ningesema nini.

Mzee akaketi juu ya shina lililokatwa, akanipa bisibisi. "Fungua."

Nikafungua pale chini, juu ya kitenge changu ili skrubu zisipotee. Springi ilikuwa imelala pembeni ya ndoano yake, nje kidogo tu, kiasi cha ukucha. Labda hata mwenye macho mazuri angeipita. Sijui, nimejiuliza mara nyingi. Nikaivuta kwa ncha ya bisibisi hadi ikaingia. Niliposukuma kifuniko, kikakataa. Nikasukuma kwa kiganja chote, nacho kikanisukuma. Mzee akasikia ninavyohangaika, akatabasamu. "Sasa ndiye," alisema.

Nikamaliza, nikamkabidhi. Hakuupokea.

"Nani amefunga?"

"Mimi, Mzee."

"Basi mkato wa kwanza ni wa nani?"

Nilikuwa nimenoa minyororo mingi, lakini sikuwa nimewahi kukata. Patron akasema, "Mwanamke? Hapana, hapana, tunacheza sasa." Wenye kamba wakaanza tena, mmoja akasema nitaukata mguu wangu mahari yangu ishuke nusu. Nilitamani ardhi ifunguke.

Ndipo Viyane akasema, bila kumtazama mtu, "Acha akate. Shingo ni yangu."

Nikaukanyaga mshikio kama nilivyomwona Mzee akifanya. Nikavuta kamba, haikuwaka. Nikavuta tena. Ukaunguruma, ukanitetemesha hadi menoni. Nikaisukuma ngao, na mnyororo ukasimama papo hapo kama mbwa aliyeitwa jina. Nikarudisha, nikajaribu tena, ukasimama tena. Kisha nikauinua, nikakata gogo lililokuwa chini. Mwanangu, kuna jambo ambalo maneno yangu machache hayalifikii. Ule msumeno ulipokuwa unashuka ndani ya ule mti, na mwili wangu mimi uko nyuma yake, ndipo nilipoelewa kwamba ile haikuwa maringo ya wazee. Kila skrubu niliyoikaza ilikuwa inaniuliza: ulinikaza vizuri? Nilijua jibu, kwa sababu mguu wangu ulikuwa palepale. Ukijua kwamba wewe ndiye utakayeanza kusimama mbele ya kazi yako, unaikaza kwa namna nyingine.

Nikauzima, nikampa Viyane. Aliijaribu breki mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, akavaa kofia yake. Mkaratusi ule uliangushwa upande uliokusudiwa, paa halikuguswa.

Patron hakuleta zile mashine nyingine. Alizipeleka kwa fundi mwingine, naye alikuwa na haki. Maneno yakaenea, na kwa miezi kadhaa ukuta wetu ulikuwa na misumari mingi kuliko misumeno. Shangazi yangu alisema mzee amejichimbia kaburi kwa ulimi wake. Lakini Mzee Gaspari aliendelea kufungua mlango, na kila mteja aliyeingia alimwambia kabla hajaweka kitu mezani: "Macho ni ya huyu binti, mikono ni ya sisi wawili. Ukikubali, kaa." Wengine waliondoka. Wengine walikaa, na waliokaa walikuwa wakirudi. Naye sikumwona tena akiona haya. Alipapasa mbele za watu kwa uhuru, akaniita kwa sauti, "Nisomee!" Nadhani miezi ile, ingawa ilikuwa ya njaa kidogo, alikuwa mtu mwenye furaha. Sina uhakika, furaha ya mtu mwingine ni vigumu kuipima. Lakini alikuwa akipiga mluzi.

Aliugua na kufa kitandani kwake kabla ya mauaji ya mwaka wa tisini na nne, na mara nyingi nimeshukuru kwa hilo. Viyane sijui alipo. Nimeuliza kila ninapokwenda Kibagabaga, na sijajibiwa.

Sasa, mwanangu, nikupe lile nililokuitia. Kila kazi ina shingo ya mtu ndani yake. Iwe ni msumeno, dawa, gari, au neno unaloandika, kuna mtu ataliweka karibu na mwili wake kwa sababu anakuamini. Ukipungukiwa na kitu, macho, nguvu au ujuzi, usimfiche mtu huyo. Watakaokucheka watachoka na kwenda kulala, aliyekatwa hatalala. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ubaya ni kwamba wakati mwingine maradhi yako humuumbua mwenzako. Ukiwa umekosea, nenda hata kwa miguu, useme kabla hujakamatwa, na useme lako peke yake, usilifunge pamoja na la dereva. Na wewe unayecheka, cheka polepole, hujui mzee anapapasa nini. Pia usingoje uwe mkubwa ndipo usimame mbele ya kazi ya mikono yako. Anza leo, na kitu kidogo.

Mungu akupe mikono inayoijua kazi, na akupe mtu wa kukusomea siku macho yako yatakapochoka. Akujalie mwalimu wa kukusimamisha katikati ya njia. Na siku utakapolazimika kusema "sikuona", akupe miguu ya kufika kwa wakati. Amina, mwanangu. Nenda salama.